Kukata Filamu ya Watu: Somo Nililolipata TP Serengeti

Kipande chenyewe kina dakika 9 na sekunde 20 tu. Kilinichukua wiki tano, flashi mbili, laptopu ya kuazima na usiku mwingi wa kukesha. Na mara ya kwanza nilipokionyesha darasani kilinitia aibu ambayo mpaka leo ikinijia nafumba macho. Nimeona niandike kwa sababu wengi wetu huku Elimu tunakwenda TP tukiwa na simu zenye CapCut, tunakata video kila siku, tunaweka sauti zetu juu ya picha za watu, na hakuna kozi hata moja inayotuuliza tunafanya nini hasa.

Ninaposema kukata filamu ya watu namaanisha hivi. Kuna filamu imeshapigwa, imeshakamilika, ina wenyewe. Wewe unaipenda, umeitazama mara kumi, lakini kuna jambo ndani yake linakukera, au kuna jambo umelitafuta hukuliona. Basi unaifungua tena. Unaondoa hapa, unahamisha pale, unabadilisha sauti, mwisho unapata filamu nyingine iliyotoka tumboni mwa ile ya kwanza. Wamarekani wana mfano wao maarufu: mwaka 1999 ilitoka Star Wars: Episode I, mashabiki wengi wakanung'unika, na mhariri mmoja anayeitwa Mike J. Nichols akakaa chini akaikata upya, akapunguza karibu dakika 20. Nakala zake zikazunguka kwa kanda za VHS, mkono kwa mkono, kwa jina la The Phantom Edit. Hakulipwa. Alikuwa shabiki aliyechoka kulalamika.

Lakini mimi sikujifunzia huko. Nimekulia Sirari, Tarime, ukitembea kidogo uko Isebania, Kenya. Baba mdogo alikuwa na kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni na jenereta nje. Siku za mnada kilikuwa kinajaa mpaka watu wanakaa chini. CD nyingi zilitoka ng'ambo ya mpaka na nyingi zilikuwa na sauti ya DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia filamu za Kihindi na za ngumi kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Nilikuwa darasa la tatu ndipo nikagundua kwamba wale Wahindi hawasemi Kiswahili. Nililia, kusema kweli. Niliona kama nimeibiwa.

Baadaye nikaja kujua kwamba jambo hili lina historia ndefu Afrika Mashariki nzima. Hapa kwetu Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alikuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili tangu kabla mimi sijazaliwa. Uganda wanawaita ma-VJ, na vibanda vyao wanaviita bibanda. Hata Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyopigwa Wakaliga, Kampala, kwa pesa kiduchu, inajulikana duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie anayepiga kelele juu yake mwanzo mpaka mwisho. Watu hawa hawakutafsiri tu. Walikuwa wanaamua nani shujaa, nani mjinga, wapi tucheke. Hilo la mwisho liweke akilini, nitalirudia.

Sasa, TP. Nilipangiwa shule moja ya kata wilaya ya Serengeti, mwendo wa bodaboda kutoka Mugumu, upande ambao ukitembea sana unafika mpakani mwa hifadhi. Nafundisha Kiswahili na Jiografia. Kidato cha Pili nilikuwa na mada ya usimulizi, na vipindi viwili mfululizo, dakika 80, watoto zaidi ya sitini. Kitabu kinasema msimulizi mzuri awe na lugha fasaha, mtiririko wa matukio, kadhalika na kadhalika. Niliandika ubaoni, wakanakili, wakalala. Ndipo nikawaza: hawa wanaishi Serengeti. Mbona nisiwape Serengeti?

Nilikuwa na mfululizo uitwao Serengeti, wa mwaka 2019, ambao mwanzo ulionyeshwa na BBC. Naupenda sana, siwezi kuficha. Wanyama wamepewa majina, na majina yenyewe ni ya kwetu: kuna simba jike anaitwa Kali, kuna nyani anaitwa Bakari. Kila mnyama ana shida zake, mapenzi yake, ugomvi wake, kama tamthilia ya saa mbili usiku. Na kuna jambo moja kuhusu mfululizo huu linalofaa mno kufundishia usimulizi. Uingereza ulisimuliwa na John Boyega. Ulipopelekwa Marekani, msimulizi akawa Lupita Nyong'o, na akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa usimulizi ule. Simba ni yule yule, nyasi zile zile, koo mbili tofauti. Kumbe wenyewe wakubwa wanafanya alichokuwa anafanya DJ Afro, ila wao wana mikataba.

Nikaamua kukata kipande cha wanyama watatu, nyani, simba na tembo, niondoe Kiingereza, niweke Kiswahili changu.

Hapa ndipo mateso yalipoanza, na nitayaeleza kwa kirefu maana mtu akikwambia kazi hii ni rahisi, huyo hajawahi kuifanya.

Tatizo la kwanza ni sauti. Kwenye faili la kawaida, sauti ya msimulizi, muziki na mngurumo wa simba vyote vimeshamwagwa kwenye sufuria moja. Huwezi kuchota mchuzi ukaacha chumvi. Ukizima msimulizi, simba naye anakuwa bubu. Kuna njia mbili. Ukibahatika kupata nakala yenye chaneli sita za sauti, ile ya kwenye seti za spika nyingi za sebuleni, mara nyingi maneno yamewekwa chaneli ya katikati. Unaizima hiyo moja, na msimulizi anaondoka kama mgeni aliyeaga vizuri, muziki na wanyama wanabaki. Mimi sikubahatika. Njia ya pili ni programu za kutenganisha sauti ya mtu na sauti nyingine. Zipo za bure, lakini zinakula kompyuta. Laptopu niliyoazima kwa mwalimu wa Fizikia ilikuwa inachukua karibu saa nzima kwa dakika kumi za filamu, inachemka mpaka unaweza kupashia chapati, na matokeo yake Bakari alikuwa analia kama yuko ndani ya ndoo. Nyani ana sauti inayofanana mno na ya binadamu, programu ikachanganyikiwa, ikamfuta pamoja na msimulizi. Nilicheka peke yangu usiku ule. Halafu umeme ukakatika.

Tatizo la pili lilikuwa la kizembe, na ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa natumia Kdenlive, ya bure. Nilidhani nikihifadhi kazi, nimehifadhi filamu. Sivyo! Programu za kuhariri hazihifadhi picha. Zinahifadhi maelekezo tu, kwamba chukua faili fulani, anzia dakika fulani, ishia sekunde fulani. Picha zenyewe ziko kule ulikozitoa. Zangu zilikuwa kwenye flashi. Mwenzangu wa chumba akaiomba ili aingiziwe muvi dukani Mugumu, na kijana wa dukani akaifuta yote ili apate nafasi. Nilipofungua kazi yangu nikakuta mistari mizuri kabisa ya mikato 140, na ndani yake hakuna kitu. Ni kama andalio la somo la shule isiyo na wanafunzi.

Nikatafuta nakala nyingine ya filamu ile ile. Nikaipata, nikaiunganisha, na kila mkato ukawa umekosea. Mwanzo kidogo tu, kisha zaidi na zaidi, mpaka mwishoni nasema "simba huyo!" na kwenye skrini kuna mti. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Nakala ya kwanza ilikuwa inakwenda kwa fremu 24 kwa sekunde, hii ya pili fremu 25. Tofauti ya fremu moja unaiona ndogo, lakini piga hesabu: filamu ya dakika 50 ikiendeshwa kwa fremu 25 badala ya 24 inaisha dakika 48. Dakika mbili zimepotea njiani na hakuna picha hata moja iliyokatwa. Kwa hiyo ushauri wangu, ukinisikiliza hili moja inatosha: kabla hujakata chochote, nakili faili lote kwenye kompyuta yenyewe, angalia idadi ya fremu zake, iandike kwenye karatasi. Na usiazimishe flashi.

Nilianza upya. Nilirekodi sauti yangu ndani ya kabati la nguo kwa sababu nguo zinameza mwangwi. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa kibanda umiza, nilisimulia kikibanda. Bakari akawa kijana wa Tarime mjini anayetafuta mchumba bila ng'ombe wa mahari. Kali akawa mama wa watoto wanne ambaye mume yupo kwenye picha tu. Na tembo, nikawafanya msafara wa wanaharusi waliopotea njia, wamevaa vizuri, wanatafuta ukumbi, wanapita wanakula vya watu bila kualikwa. Nilijiona nina kipaji.

Siku ya kipindi tukabeba televisheni ya ofisi ya walimu mpaka darasani, watu wanne, kama tunabeba mgonjwa. Madirisha tukayafunika kwa kanga zangu. Kwa Bakari darasa lilianguka. Watoto wa dawati la nyuma walisimama. Kwa Kali wakapiga makofi. Ndugu zangu, kama hujawahi kusikia watoto sitini wakicheka kwa kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako, siwezi kukueleza. Wiki zote tano zililipwa pale, kwa dakika sita.

Halafu wakaja tembo. Wengi waliendelea kucheka. Lakini kulikuwa na kijana mmoja, dawati la pili kutoka dirishani, mrefu, mkimya, hucheka kama wenzake siku zote. Yeye aliinamisha kichwa akawa anaangalia daftari. Jirani yake alicheka, kisha akamtazama, akanyamaza. Na kile kimya kikatembea dawati kwa dawati. Filamu ilipoisha nusu ya darasa ilikuwa inacheka na nusu ilikuwa imejiinamia.

Nilimwita baadaye, chini ya mti, nikijua nusu ya jibu. "Shikamoo Madam." Marahaba. Nikamuuliza kama filamu haikumpendeza.

"Ilinipendeza, Madam. Bakari ni mzuri."

"Na tembo?"

Akakaa kimya kidogo. "Hawaendi harusini, Madam."

Mwezi wa tano mwaka ule tembo walikuwa wameingia shambani kwao wakamaliza mahindi usiku mmoja. Bibi yake ndiye mwenye shamba. Walikwenda ofisi ya kijiji, hasara ikaandikwa, wakawa wanasubiri kifuta jasho. Mnaotoka mbali na hifadhi huenda hamyajui maneno haya: mazao yakiliwa, serikali inatoa kifuta jasho, mtu akijeruhiwa au akiuawa, kinaitwa kifuta machozi. Watoto wa Serengeti wanayajua kabla ya kujua nomino na vitenzi. Na mimi, mtoto wa mkoa huo huo wa Mara, Mkurya, nimekulia saa chache tu kutoka pale, nilikuwa nimesimama mbele yao nikisema tembo wanakula vya watu bila kualikwa, nikangoja wacheke.

Nilijitetea moyoni. Filamu yenyewe si mimi niliyeipiga. Picha inaonyesha tembo wanatembea tu. Ndiyo, na hapo ndipo penyewe. Kuna jaribio maarufu la Mrusi Lev Kuleshov, miaka mia na ushei iliyopita. Alichukua uso wa mwigizaji, uso ule ule, hauonyeshi chochote, akaubandika kando ya bakuli la supu, kisha kando ya jeneza, kisha kando ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: tazama anavyoona njaa, tazama anavyohuzunika. Uso haukubadilika. Tembo wangu nao walikuwa vile vile. Waliopiga filamu waliwafanya familia yenye upendo, nami nikawafanya wanaharusi. Kwa kijana yule ni mlio wa mahindi. Anayekata na kusema ndiye aliyechagua, na hawezi kujificha nyuma ya picha.

Nikamuuliza, wewe ungesimuliaje? Nilidhani atasema sijui. Akasema, "Madam, kwanza uzime huo muziki. Usiku hakuna muziki. Na miguu yao hatuisikii. Tembo mkubwa vile humsikii akija. Unasikia mahindi yanavunjika."

Mwalimu wangu wa chuo anaweza kunisamehe au asinisamehe, lakini sentensi hizo zilinifundisha usimulizi kuliko semesta nzima.

Jioni ile nilikwenda nyuma ya nyumba za walimu, shamba lilikuwa limeshavunwa, nikavunja mabua makavu mbele ya simu. Kra. Kra. Sauti ikatoka nyembamba, kama vijiti vya kiberiti. Ikabidi nivunje matatu kwa pamoja, simu nimeiweka chini kabisa karibu na shina, ndipo ikawa nzito. Mke wa mwalimu mkuu alipita akaniuliza, "Mwalimu, ni salama?" Nikasema ni kazi ya shule, mama. Akaendelea na safari yake akigeuka geuka.

Sehemu ya tembo nikaikata upya yote. Nikatoa muziki, harusi na utani. Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde 40, unasikia mabua tu, na sauti ya kijana mwenyewe, tuliyoirekodi kabatini kwangu mlango ukiwa wazi na wenzake wawili wakisubiri nje. Anasema kwa utulivu: walivyoamka, bibi alivyotafuta debe la kupiga, yeye alivyoshika tochi isiyo na betri. Mwishoni ndipo tembo wanaonekana, mchana, wazuri, wanaondoka. Sikusema neno juu ya picha ile.

Mtathmini wangu wa TP alikuja siku tuliyoionyesha tena. Darasa halikucheka, halikulala pia. Baadaye aliniuliza maswali mawili. La kwanza, filamu hii ni ya nani? Nikamjibu nilivyosoma: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kazi ya mtu kutumika kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi cha haki, chanzo na mwenye kazi wakitajwa. Nilikuwa nimevitaja mwanzoni mwa kipande. Siuzi, na sikuweka mtandaoni, ndiyo maana wewe unayesoma hapa hutakiona. Wengi tunakosea hapo: tunafikiri kwa kuwa tumekesha, basi ni mali yetu. Sauti ya mabua ni yangu. Simba si wangu.

Swali la pili sikulijibu vizuri. Aliuliza: mbona umebakiza Bakari wa kuchekesha? Nikasema kwa sababu watoto wanahitaji kucheka. Akaandika kitu, sikukiona. Nimelifikiria sana tangu siku ile. Pengine kuna mahali nyani nao ni msiba wa mtu. Kwa wanaolinda mashamba ya mahindi ni msiba kabisa, tena wa mchana. Mpaka naandika Bakari bado yupo, lakini nimempunguzia dakika.

Wiki ya mwisho kijana aliniomba kumwonyesha bibi yake kwenye simu yangu. Tukaenda Jumapili. Bibi alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akatazama giza lile lote bila kuuliza kama simu imezima. Alipomsikia mjukuu wake anasema "walikuwa watatu", akanirudishia simu.

"Saba," akasema. "Mwambie mwanangu, walikuwa saba. Watatu ni wale waliopita mlangoni."

Kijana akabisha. Bibi akasimama, akatupeleka shambani, akaanza kutuonyesha mmoja mmoja walikopita. Nikawasha kinasa sauti cha simu. Kwa hiyo kipande hakijaisha. Sasa kinakwenda dakika 11, na sauti ya bibi ina upepo mwingi ambao sijajua bado jinsi ya kuutoa bila kumtoa na yeye.